Fomu ya Mzee Gachanja

Murimi alinipata kwa simu nikiwa Wang'uru kwa ukaguzi, ndani ya ghala la kukoboa mpunga, nimejaa vumbi la pumba hadi kwenye nyusi. "Wambui, keti kwanza," akasema. Nikamwambia hapa hakuna pa kuketi isipokuwa juu ya magunia ya watu, wewe sema tu. "Mzee Gachanja ametuacha. Jana asubuhi. Tunazika Alhamisi, na familia imeomba wewe ndiye uongee kwa niaba ya sisi tuliofanya kazi kwake." Nikauliza, "Na Kibuchi ameambiwa?" Murimi akashusha pumzi. "Ameambiwa. Kama atakuja, sijui. Na hata akija, si unajua vile watu wa pale humwangalia." Ninajua. Hakuna mtu chini ya mlima huu anayejua kuliko mimi, na kwa miaka ishirini na miwili nimekula, nimelala na kusali kanisani nikijua.

Mtu akiandika kumbukumbu zake hutarajiwa aanze na babake, na shamba, na shule aliyoiendea miguu mitupu. Hayo nimeyaruka. Mwenye haja nayo amuulize dada yangu, yeye hupenda kuongea. Mimi nina mwaka mmoja wa kusimulia, nikiwa na miaka ishirini na sita, mwaka ambao vyama viwili vya wahasibu viliunganishwa kuwa kimoja. Leo mimi ni mhasibu mwenye cheti, na juu ya hayo niko kwenye kamati inayosikiliza kesi za wahasibu waliokosa uaminifu. Chekeni. Hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza katikati ya mji wa Nyeri, juu ya duka la vitambaa la Mama Hansa. Ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ubao mwembamba, na mtu akipiga chafya kwa Mzee, sisi upande huu tulimwombea afya. Mzee Gachanja alikuwa mkaguzi wa hesabu. Viwanda vya kahawa, shule na vyama vya ushirika vilimletea vitabu, naye akisharidhika alitia sahihi, na sahihi hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima walale. Kibuchi alikuwa karani wake mkuu, mtu mrefu mwenye sweta ya kijivu, aliyekuwa pale miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kazi, mwaka wa tatu. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote, nimebakisha kitabu changu cha mazoezi ya kazi kitiwe sahihi na msimamizi. Saa saba tulifunga mlango, tukafungua mikebe ya githeri, mahindi na maharagwe ya jana, Kibuchi akakata parachichi kwa rula ya chuma aliyoifuta kwanza kwenye suruali, na Mama Hansa akatutumia chai yenye tangawizi kali. Julai ya Nyeri haina huruma. Tulikula tumevaa makoti, mvuke ukitoka kwenye vikombe na vinywani mwetu pia.

Kazi ile ilikuwa na rangi zake. Mimi nilipiga tiki kwa penseli, kwa sababu mwanafunzi hufutwa. Kibuchi alipitia nyuma yangu kwa wino wa buluu. Mwisho kabisa alikuja Mzee na kalamu ya kijani, na ukurasa ukishapata kijani hata waziri hangeweza kuugusa. Miaka mitatu mizima nilitamani ile kijani. Nilikuwa na tamaa, sitakataa, na nilikuwa mjuaji; nilijua kuiga sahihi ya Mzee kwa kidole kwenye vumbi la dirisha, na Kibuchi aliponikuta siku moja alicheka akaifuta kwa mkono wa sweta. "Wewe, cheza na vingine."

Sasa hayo mambo ya vyama. Tulikuwa na kimoja cha Nairobi, cha kampuni kubwa kubwa, na kingine chetu, cha watu wa miji midogo waliojifunza kazi mezani badala ya chuo. Kile tulikiita Kikubwa na chetu tulikiita Kidogo, hata kwenye mikutano rasmi. Mwaka ule ikatangazwa kwamba viwili vitakuwa kimoja, cheti kimoja, jina moja la cheo. Leo nikiombwa maoni ninasema ilikuwa lazima. Benki zilikuwa zimeanza kuzikataa sahihi zetu, na kiwanda kimoja cha kahawa kilikaguliwa mara mbili mwaka mmoja kwa sababu tu mkaguzi wa kwanza alikuwa wa Kidogo. Lakini wakubwa waliita kuunganishwa, na sisi huku chini tuliita kumezwa. Mwanachama wa Kidogo angevushwa tu akijaza fomu kabla ya mwisho wa Agosti, na fomu hiyo idhaminiwe na mtu wa Kikubwa. Asiyevuka angebaki fundi wa hesabu: aandike vitabu, lakini kukagua na kutia sahihi, mwiko. Na mwanafunzi ambaye msimamizi wake hakuvuka angeanza upya miaka yake mitatu, kwa msimamizi mwingine. Huyo mwanafunzi ndiye mimi.

Ungedhani ni jambo la nusu saa. Shida ni kwamba mtu wa Kikubwa wa karibu alikuwa Murimi, na Murimi alikuwa amefundishwa na Mzee, kwenye meza ile ile yangu, kabla ya kutoroka kwenda upande wa pili. Mzee aliona kwamba kumwomba Murimi amdhamini ni sawa na baba kumwomba mwanawe ruhusa ya kuoa. Kwetu mkubwa hubariki mdogo. Mambo hayaendi kinyume. Kibuchi alisafiri mwenyewe hadi Nairobi akaleta fomu, akaiweka mezani, na ubao ule mwembamba ukanipa yote.

"Mzee, Murimi amesema lete tu, atatia sahihi bila neno."

"Mimi nilimfundisha huyo kupiga tiki. Alikuwa anashika kalamu kama jembe. Leo ndiye aseme kama mimi niko sawa?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mgongo wangu ni mbaya, Kibuchi, hata daktari alikataza kuinama. Wakitaka kunivusha watanivusha. Kazi yangu wanaijua."

"Na huyu msichana? Kitabu yake itatiwa sahihi na nani?"

Mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Wambui ni kijana. Miaka mitatu si kitu kwa kijana." Ai! Miaka mitatu si kitu! Tayari meneja wa kinu cha mpunga kule Wang'uru alikuwa ameniambia nikipata cheti kipya kiti ni changu, nisipokipata kabla ya Januari atamchukua mwingine. Nilikuwa nimeshachagua hata pazia za nyumba. Nilimchukia Mzee siku ile, ninasema wazi, nilimchukia kabisa, mtu aliyekuwa amenifundisha kila nilichojua.

Wiki zikapita, fomu imelala kwenye droo ya Kibuchi. Kila asubuhi Kibuchi alimuuliza Mzee kwa macho, na kila asubuhi Mzee aliangalia dirishani. Watu wa Kidogo walikuwa wakipita ofisini kutueleza nani amevuka, nani amekwama, na mwalimu mmoja mstaafu wa Othaya alilia mbele yetu kwa sababu hakupata mdhamini. Nilianza kutapika asubuhi. Mama Hansa alidhani nina mimba, akaniambia kwa upole kwamba kama ni hivyo yeye hatanihukumu. Zikiwa zimebaki siku tisa, Mzee akiwa kwenye kiwanda cha kahawa na Kibuchi ameshuka benki, nilifungua ile droo mchana kweupe. Niliijaza fomu nakala zote mbili. Mikono yangu ilikuwa imetulia ajabu. Sahihi ya Mzee nilikuwa nimeiona mara elfu kwenye mafaili, kijani tupu, kwa hivyo nilichukua kalamu yake ya kijani kutoka kwenye kikombe chake na nikatia. Ilitoka safi kabisa. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Nilizitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, na Kibuchi aliporudi nikampa. "Mzee ametia sahihi. Amesema umpelekee Murimi, lakini yeye mwenyewe usimwongeleshe habari hiyo, anaona aibu." Kibuchi aliishika ile bahasha kwa mikono miwili. Macho yake yalijaa maji. "Nilijua," akasema. "Nilijua huyu mzee ana moyo." Jumamosi hiyo, kwa nauli yake, alikwenda Naro Moru, ambapo Murimi alikuwa akikagua vitabu vya hoteli moja ya wapanda mlima. Murimi aliiona ile kijani akaamini papo hapo, kwa sababu naye alikuwa amejifunzia pale pale nilipojifunzia, ameona yale yale niliyoyaona. Akadhamini, akaituma Nairobi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: nakala moja ingerudi na muhuri pamoja na cheti, na mimi ndiye niliyekuwa nikichukua barua posta. Ningeificha nakala, ningempa Mzee cheti peke yake, naye angesema, si niliwaambia watanivusha wenyewe. Yangeishia hapo. Lakini usiloliwaza ndilo litokealo. Siku ambayo barua ilifika, nilikuwa Wang'uru kuhesabu magunia, na meneja ananionyesha ofisi itakayokuwa yangu, yenye dirisha linalotazama mashamba ya mpunga. Mzee alikuwa akipita karibu na posta akaamua kuchukua barua mwenyewe. Niliporudi kesho yake nilimkuta ameketi upande wetu wa ubao, kwenye kiti changu, fomu mbele yake. Kibuchi alikuwa amesimama. Chai ya Mama Hansa ilikuwa imeganda utando juu, hakuna aliyeigusa.

"Hii si sahihi yangu," Mzee akasema. "Ninauliza mara moja tu. Kibuchi, ulipeleka hii?"

"Nilipeleka, Mzee. Ilikuwa kwa bahasha. Wambui alinipa, akaniambia ni wewe umesema."

Mzee akanigeukia. Ningeweza kusema. Nimerudia dakika ile mara nyingi, na kila mara ninaona kwamba kulikuwa na nafasi, kwamba hakuna aliyenishika koo. Nilifikiria lile dirisha la Wang'uru. "Mimi sikumpa kitu," nikasema.

"Ati nini?" Kibuchi akasema. Si kwa hasira. Alisema kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Wambui. Ati nini?"

Nikarudia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Kibuchi aliniangalia, akamwangalia Mzee, akasubiri Mzee aseme neno. Mzee alinyamaza, mkaguzi hasemi asichokuwa na ushahidi nacho, na ninadhani alikuwa bado anapima. Lakini kwa Kibuchi ule ukimya ulikuwa hukumu. Baada ya miaka kumi na minane! Alitoa funguo za ofisi mfukoni, akaziweka juu ya fomu taratibu, akateremka ngazi, akaacha hata sweta yake kwenye kiti. Sikumwona tena ofisini.

Ndipo Mzee aliponiambia niketi. "Barua zangu zote Kibuchi ndiye huzipiga chapa, na ndiye hunisimamia nikitia sahihi," akasema. "Anajua sahihi yangu ya barua mimi hutia kwa wino mweusi. Kijani ni ya kupitisha kazi ya mtu mwingine. Mtu hajipitishi mwenyewe, Wambui. Ni mtu asiyewahi kuona barua zangu tu ndiye angeweza kukosea hivyo." Niliinamisha kichwa. "Sina ushahidi wa kupeleka mahali popote," akaendelea. "Na hata ningekuwa nao, jina lako utalitaja mwenyewe. Mimi si kinywa chako. Nakungojea mpaka Ijumaa."

Ijumaa ilifika, nikapiga tiki kwa penseli mpaka saa kumi na moja, nikavaa koti nikaenda nyumbani. Jumatatu Mzee aliandika barua Nairobi kwa mkono wake, akanipa nikaiposti. Ilikuwa wazi, na nadhani aliiacha wazi makusudi. Ilisema fomu ile haikuwa yake, aondolewe kwenye orodha, asante. Jina la mtu halikuwemo. Wakamwondoa, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita zamani. Mtu aliyekagua nusu ya viwanda vya kahawa vya Nyeri akawa fundi wa hesabu akiwa na miaka hamsini na saba, akiandikia vitabu watu ambao zamani walisimama akiingia.

Mji haukuhitaji barua ile kuamua. Kibuchi ndiye aliyeleta fomu, ndiye aliyebishana na Mzee watu wakisikia, ndiye ambaye Murimi alisema, kwa ukweli wake, kwamba aliipeleka Naro Moru. Mzee alijaribu. Kwenye mkutano wa wanachama alisimama akasema, "Si Kibuchi," na alipoulizwa basi ni nani, akaketi. Watu wakatikisa vichwa: tazama roho nzuri ya huyu mzee, anamfichia hata aliyemwibia jina. Mama Hansa peke yake ndiye aliyepinga. "Kibuchi? Huyu hawezi kuiba hata kifungo," alikuwa akiwaambia wateja, na akisema hivyo mimi nikipita ngazini aliniangalia sana. Hakuna ofisi Nyeri iliyomchukua Kibuchi. Akahamia Karatina, akauza mbegu na dawa za mifugo kwenye kibanda. Mimi kiti cha Wang'uru kilienda kwa mtu mwingine. Desemba ile nilimwendea Murimi, akanipokea kwa huruma, masikini, bila kujua anapokea nini, nikaanza miaka mitatu upya. Nilivuka. Nimepanda. Nimekuwa nikienda Karatina kwa njia ndefu ili nisipite mbele ya kile kibanda.

Alhamisi tulimzika. Kulikuwa na mahema, baridi, sufuria za mukimo wa viazi na mchele wa Mwea, na watu wengi wa kahawa. Kibuchi alikuja. Mvi zimemmaliza, mgongo umepinda kidogo, na alikuwa ameketi safu ya mwisho na viti vitatu vitupu kila upande wake. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzuri wa sifa. Nilipopewa kipaza sauti niliukunja. Nilisema, "Ile fomu niliijaza mimi. Mimi, Wambui. Nilitia sahihi ya Mzee kwa mkono huu, nikampa Kibuchi bahasha na kumdanganya, na alipoulizwa nikamkana mbele yake. Mzee alijua akaningojea. Kibuchi hakufanya chochote." Msimamizi wa shughuli alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, akisema asante, asante, programu iendelee. Mjane akasema, "Mwache amalize." Lakini nilikuwa nimemaliza. Murimi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Baadaye Kibuchi alinikuta nimesimama peke yangu pembeni ya hema, wote wamenipisha. Nikaanza kupiga magoti, akanishika kiwiko akanizuia. "Simama. Watu wanakula." Nikamwambia nisamehe, Bwana Kibuchi, nisamehe, nililia kama mtoto na sikuona aibu. Alingoja nimalize. "Mama yangu alikufa mwaka wa tatu baada ya pale," akasema. "Siku ya mwisho alinishika mkono akaniuliza, 'Kibuchi, mimi ndiye niliyekuzaa, niambie mimi peke yangu, ni wewe?' Nikamwambia, mama, si mimi. Akanipapasa hapa." Aligusa shavu lake. "Akasema, 'Sawa, mwanangu. Hata hivyo Mungu atakusamehe.'"